Usiende Kojani usiku wa giza: namna ya kuifanya tasnifu ya udaktari mpaka ikamalizika

Hojaji yangu ya kwanza ilikuwa na maswali arubaini na mawili. Mzee wa kwanza niliyemsomea pale Kojani, kisiwa cha wavuvi huku Pemba, alisinzia kwenye swali la kumi na moja. Wa pili akanambia kwa adabu kwamba anakwenda kukoga, atarudi. Hajarudi mpaka leo. Nilikuwa nimetoka Wete baada ya sala ya alfajiri, nikavuka kwa mtumbwi na mkoba wa karatasi kichwani, na jioni nikarudi na "ndiyo" nyingi, "hapana" chache na kizunguzungu cha jua.

Naandika haya kwa walimu wenzangu wa Unguja na Pemba walioshapata barua ya kukubaliwa kusoma udaktari na sasa wanaitazama ile barua bila ya kujua waanzie wapi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nilijisajili 2018, nikatetea 2024, na karatasi za usajili zilisema miaka mitatu. Katika mitatu iliyozidi, mmoja ulikuwa wa korona, mmoja wa kungoja wakubwa wasome, na mmoja wa ujinga wangu mwenyewe. Huo wa ujinga ndio ninaotaka kukuokoa nao.

Mada ni pakacha

Mada niliyopeleka kwa msimamizi ilikuwa "Msamiati wa uvuvi katika lahaja ya Kipemba". Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: "Hili pakacha, swali liko wapi?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba ni kweli, katika pakacha lile ungeweza kutia kitu chochote: majina ya samaki, ya nyavu, ya upepo, matusi ya mabaharia. Ningekusanya mpaka nizeeke na bado kusingekuwa na kilichothibitishwa.

Basi usiandike pendekezo la utafiti ukiwa mezani kwako tu. Nenda kwanza kwa watu wenyewe, bila ya hojaji na bila ya kinasa sauti. Mimi nilitumia wiki tatu za likizo ya skuli. Kwa kuwa ni mwanamke, hakuna aliyekuwa na haja ya kunipakia kwenye boti, nami sikulazimisha. Nikakaa na wanawake wanaokwenda pwani maji yakitoka, kuchokoa pweza na kuokota chaza. Siku moja Bi Mkubwa mmoja akaelekeza kidole kwenye kipwa, ule mwamba unaoonekana maji yakishatoka, akakitaja jina. Jioni nikamuuliza mumewe, mvuvi wa miaka mingi, habari ya kipwa hicho. Hakulijua lile jina. Nilipomueleza kilipo akacheka, akanipa jina jengine kabisa. Mume na mke wanalala nyumba moja, na kila mmoja anakiita kipwa kile kile kwa jina lake.

Swali langu likawa hilo: kwa nini kipwa kimoja kina majina mawili, nani hutumia lipi, na ofisi ikija kuandika ramani, jina lipi huingia kwenye karatasi? Ukishapata swali, mueleze mtu asiyesoma masomo yako, kwa sentensi mbili. Mimi nilimueleza mama huku anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. "Si kwa sababu wao hupita juu na sisi hupita chini?" Wanaume hukipita kwa chombo maji yakijaa, wanawake hukitembea kwa miguu maji yakitoka. Sura yangu ya nne yote, kurasa sitini na kitu, ni ushahidi wa maneno hayo ya mama. Nimemtaja kwenye ukurasa wa shukurani, lakini hoja imekaa kwa jina langu, na hilo bado linanikereketa.

Kusoma

Ukimwambia mtu unafanya mapitio ya maandishi, anadhani unasoma vitabu vyote. Hapana. Unamtafuta nani ameshaligusa swali lako na aliishia wapi. Kwa upande wangu halikuwa jambo gumu sana, kwa sababu njia ilishafyekwa: Ingrams aliandika juu ya lahaja za usultani wa Zanzibar tangu 1924, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Guthrie Kipemba kimepewa namba yake, G43a, mbali na Kiunguja ambacho ni G42d. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, nao wametoa kamusi ya Kipemba. Yote hayo niliyasoma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mume na mke na kipwa chao. Hapo ndipo unapojua kuwa una kazi.

Kila unachosoma, kipe ukurasa mmoja wa daftari na majibu ya mambo matatu: anasema nini, kwa ushahidi gani, na mimi nimebakiwa na suala gani. Hili la tatu ndilo wengi hawaliandiki, kisha wakifika kwenye sura ya pili wanaishia kupanga watu foleni: fulani (1998) anasema, fulani (2003) naye anasema, fulani (2011) anaongeza. Huko ni kusoma majina ya waliotoa michango ya harusi. Wapange kwa ugomvi wao, nani anambishia nani na juu ya nini, na wewe uonekane umesimama upande gani.

Kilichonifungua macho kilikuwa utafiti wa mwanaisimu Labov wa 1963 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Niliusoma kwa taa ya simu, umeme umekatika Wete nzima. Mtu huyu alikwenda kisiwani, akaona namna wenyeji wanavyotamka baadhi ya irabu, na wavuvi wa upande wa Chilmark ndio walioshikilia matamshi hayo kuliko wengine. Angeweza kuishia kwenye orodha ya matamshi. Yeye akauliza kwa nini, akayahusisha na wageni wa likizo waliokuwa wakikijaza kisiwa na wenyeji waliokuwa wakitaka ijulikane kisiwa ni cha nani. Nikaweka kitabu pembeni nikasema, kumbe kisiwa kidogo na wavuvi wake wanatosha.

Jambo la kiufundi: weka programu ya kutunza marejeleo siku ya kwanza. Zotero ni ya bure na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Mimi niliianza mwaka wa tatu, nikapoteza mwezi mzima kuingiza upya vitu nilivyokwisha visoma.

Na ukenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, namba kamili ya jalada iandike kabla ya kunakili neno la kwanza. Nilinakili ripoti moja ya zamani ya uvuvi Pemba, ukurasa mzuri mno, una majina ya mafungu na milango ya bahari, nikaandika juu yake "AB" na mshale. Mshale! Nilirudi tena kutoka Pemba kwa meli, siku mbili nimefungua majalada, sikuuona. Haumo kwenye tasnifu, kwa sababu kisichoweza kuoneshwa kilipotoka hakina haki ya kuwamo.

Vibali

Haraka haraka: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, kisha barua za mkoa na wilaya, kisha sheha. Anza miezi minne kabla. Kenya wana leseni yao ya utafiti, inayotolewa na tume yao ya sayansi, NACOSTI, na sikuweza kuzungumza na Wapemba wa Shimoni mpaka nilipoipata. Kwa sheha usiende na barua tu, nenda na muda wa kukaa. Barua yangu ilisomwa kwa dakika moja, na baraza lililofuata lilikuwa la saa mbili, kahawa na kashata, mpaka ijulikane mimi ni mjukuu wa nani. Baada ya hapo barua haikuulizwa tena popote.

Kalenda ya maji

Sasa ule mwaka wa ujinga. Chuo kilitupa jedwali la mpango kazi, nami nikalijaza kama mwanafunzi mwema: Januari hadi Machi, kukusanya data. Nikaomba likizo, nikafunga safari, nikafika Kojani. Wanaume hakuna. Wako dago.

Dago, kwa asiyejua, ni kambi ya uvuvi ya mbali. Wakojani ni watu wa dago tangu zamani. Upepo wa kaskazi ukishashika, wanaondoka na vyombo vyao kwenda kuweka kambi Tanga, Vanga, Shimoni, na wengine juu zaidi hata Malindi, na hukaa huko miezi. Mimi mtoto wa Pemba niliyezaliwa maili chache kutoka pale nilikuwa nayajua haya yote. Lakini jedwali la chuo lilikuwa na miezi, halikuwa na pepo, nami nikalifuata jedwali.

Mwaka uliofuata nililitupa nikachora langu, na hili ndilo ningependa ulichukue hata ukiyaacha mengine. Nilichukua karatasi ya manila, nikachora mwezi mwandamo, mwezi mpevu na siku za baina yao. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo usiku wanakuwa baharini na mchana wamelala. Ukimwamsha mtu aliyerudi alfajiri ili umuulize asili ya jina, utapata jina, lakini si lile unalolitaka. Mbaamwezi ikiingia, taa hazina kazi, wanaume wako nyumbani wanashona nyavu na kutia viraka. Hao ndio wangu, baada ya laasiri. Wanawake ni kinyume chake. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ni bamvua, maji yanayojaa sana na kutoka sana, na kwetu bamvua maji hutoka kiasi cha saa nne asubuhi, basi nyumba zote zimehamia pwani. Ukitaka wakae wakusimulie, wasubiri maji mafu, bahari ikiwa haitoki sana na mtu hana pa kukimbilia.

Jedwali likatoka hivi: mwezi mpevu wanaume jioni, maji mafu wanawake asubuhi, usiku wa giza mimi niko Wete nanukuu sauti nilizorekodi. Ramadhani nikaipiga mstari isipokuwa baada ya tarawehe. Kaskazi ikivuma, mimi nami nikawafuata Shimoni. Kwa miezi saba nilifanya zaidi ya nilivyofanya miaka miwili ya nyuma.

Ukiwa hutafiti wavuvi, kalenda ipo tu. Wachumaji wa karafuu huwapati msimu wa mavuno, na wakati wa mavuno ndio utakaposikia wanavyozungumza mkarafuuni. Wauguzi wana zamu. Walimu wana wiki za kusahihisha mitihani, na mwalimu aliyezungukwa na madaftari mia na ishirini atakujibu lolote ili uondoke.

Kinasa sauti, siri na simu iliyozama

Labov huyo huyo ana kitendawili chake: tunataka kujua watu wanavyosema wakati hakuna anayewatazama, na njia pekee tuliyo nayo ni kuwatazama. Kojani kitendawili hicho kilinijia na kanzu. Mzee nilimzoea kwa miezi akiwa na kikoi begani. Nilipomwambia kesho nitamrekodi, nilimkuta amevaa kanzu na kofia ya viua, anazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Dakika ishirini za mwanzo za kila mahojiano nilikuja kuzihesabu kuwa ni za kanzu. Ziache zipite. Simu weka juu ya mkeka, mbele ya macho yake, usiifiche. Mara atatokea mtoto na boflo, au jirani ataingiza kichwa kubisha, na hapo hapo lugha inarudi nyumbani.

Ridhaa iombe kwa mdomo na uirekodi, kwa wale wanaoogopa kutia saini. Watu wetu wana sababu zao za kuogopa karatasi.

Kuna mbinu moja kwenye vitabu ambayo nakuonya nayo. Labov alikuwa akiwauliza watu kama waliwahi kuwa karibu na kufa, kwa kuwa mtu akisimulia hatari husahau kuchunga maneno. Mimi nikaiga. Nikamuuliza mtu mmoja kama aliwahi kuponea chupuchupu baharini. Alinyamaza, kisha akanitajia ndugu zake wawili waliokuwamo kwenye Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyozama karibu na Nungwi ikija Pemba. Nilizima simu. Tulikaa mpaka magharibi, akaadhini mtu mskitini, tukaondoka. Sikuyatumia mazungumzo yale, na suala lile nikalikata kwenye orodha. Kabla ya kuazima mbinu ya mtu wa mbali, iulize kwanza itafanya nini kwenye ukumbi wa nyumba ya Kipemba.

Halafu siri. Mvuvi hajui mwamba wake kwa namba, anaujua kwa alama za nchi kavu: mnazi fulani ukikaa sawa na mnara fulani, na upande wa pili kilima kikiguswa na ncha ya kisiwa, hapo tia nanga. Alama hizo ni mali. Baba humpa mwanawe, wala hazitajwi barazani. Msimamizi wangu wa pili alitaka kila jina liambatane na vipimo vya satelaiti, na kwa mtu wa ofisini ni ombi la kawaida. Nikamuuliza mzee wangu. Akanambia, "Mwalimu, ukishaiweka hiyo, kesho watakuja wenye boti kubwa na chuo chako hakitanipa samaki." Tasnifu yangu haina vipimo. Majina ya vipwa vya pwani, vinavyoonekana na kila mtu, yamo. Miamba ya kina kirefu imepewa herufi tu. Niliandika kurasa tatu za kueleza kwa nini, na kurasa hizo ndizo zilizoniokoa mbele ya watahini. Ukiacha kitu kwa makusudi, andika kwamba umeacha na sababu yake. Ukinyamaza watadhani umesahau.

Simu ilizama Novemba. Nilikuwa nashuka kwenye mtumbwi, mguu mmoja majini, mkono mmoja umeshika viatu. Mahojiano kumi na moja. Wavuvi wawili walipiga mbizi wakaitoa, wakaitia kwenye mchele, na ule mchele tukaupika baadaye, maana ndio faida pekee iliyopatikana. Tangu siku ile sikulala bila ya sauti za siku hiyo kuwa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyengine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Intaneti Wete huwa nzuri kuanzia saa sita usiku, tega saa.

Kunukuu

Saa moja ya sauti ilinichukua kati ya saa sita na nane kuiandika. Nikachoka, nikamlipa kijana mmoja mwenye mkono mwepesi anisaidie. Kazi ikarudi safi, imepangwa vizuri, haina kosa hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Kila mzee aliposema "ntu" kijana ameandika "mtu". Kila "nke" imekuwa "mke". Alinisahihishia wazee wangu wote wakawa wanazungumza kama vitabu vya skuli. Sikuweza hata kumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe darasani huwakata alama watoto kwa hayo hayo. Nikarudia zote. Ukimpa mtu kazi ya kunukuu, kaa naye dakika kumi za kwanza mkiandika pamoja, kisha mwandikie kanuni kwenye karatasi: andika ulichokisikia, usiandike alichotakiwa kusema.

Kuandika

Usianze na sura ya kwanza. Utangulizi ni kumpeleka mgeni kwenye nyumba, na nyumba hujaijenga. Anza na sura unayoweza kuisimulia barazani bila ya daftari. Kwangu ilikuwa ya nne, ile ya juu na chini. Utangulizi niliuandika wa mwisho, kwa siku tisa.

Nilikuwa nikiandika baina ya alfajiri na kengele ya skuli, maneno mia tatu. Siku nyengine mia tatu mabaya. Hayo mabaya ndiyo yanayosahihishika. Ukurasa mtupu hausahihishiki. Na sentensi niliyojifunza kuiogopa ni ile inayoanza na "data zinaonesha kuwa kuna uhusiano". Niliandika hivi mwanzo: "Data zinaonesha kuwa kuna uhusiano baina ya jinsia na utoaji wa majina." Msimamizi akaandika pembeni, "Uhusiano gani?" Nikairudia: "Majina ya wavuvi hutaja kinachoweza kumdhuru anayepita juu kwa chombo, kama jiwe, mkondo au wimbi linalovunjika. Majina ya wanawake hutaja kinachopatikana kwa anayepita chini kwa miguu, kama pweza, chaza au kidimbwi kisichokauka." Sasa mtu anaweza kunibishia. Ile ya kwanza hakuna aliyeweza kuibishia, kwa kuwa haikusema kitu.

Msimamizi naye ana kalenda yake. Usimtumie sura nzima na salamu. Mtumie kurasa unazotaka azisome na suala moja la kujibu: "Naomba utazame ukurasa wa 14 mpaka 19, je, hoja ya mama inasimama bila ya mfano wa Shimoni?" Nilikuwa na wasimamizi wawili, mmoja akitaka nadharia zaidi, mwengine akitaka ipunguzwe. Nilihangaika baina yao mwaka mzima, mpaka nikazoea kila baada ya kikao kuandika nusu ukurasa wa tulichokubaliana na kuwapelekea wote wawili kwa pamoja. Basi wakawa wanabishana wao. Kuna kipindi kimya kilikuwa cha miezi minne; kila Jumatatu ya pili nilituma salamu fupi, za heshima, na sura ileile. Ya tisa ikajibiwa.

Na dunia haitakungoja. Sura yangu ya tano ilikuwa juu ya Wapemba wa pwani ya Kenya, walioishi kule vizazi bila ya vitambulisho, na nilikuwa nimeandika mara nyingi "watu hawa hawana uraia". Julai 2023 Kenya ikawatambua rasmi, na vyeti vikatolewa Kilifi mbele ya Rais. Nilifurahi kwa ajili yao, kisha nikaenda chumbani nikatazama kurasa arubaini. Niliyoyaandika yalikuwa kweli siku niliyoyasikia, ila sikuwa nimeandika siku yenyewe. Sasa kila sentensi ya namna hiyo ina "wakati wa mahojiano haya, 2021". Ungetia tarehe mapema, ungelala usingizi.

Kutetea

Siku kumi kabla, chapisha tasnifu yako uisome kwenye karatasi kama ya mtu mwengine unayemchukia. Makosa ya kwenye kioo hujificha, ya kwenye karatasi hujitokeza. Mwenzangu wa skuli, mwalimu wa hesabu, alinikalisha ofisini siku mbili akaniuliza masuala ya kijinga, na masuala ya kijinga ndiyo magumu: "Kwani nani anajali kipwa kinaitwaje?"

Mtahini wa nje alikuwa mpole. Akafungua kurasa zile tatu za siri, akazisifu, kisha akauliza: "Ungekuta nini huko Kojani ambacho kingekufanya useme umekosea?" Nilikunywa maji. Nikajibu kwamba ningekuta wanawake wanaopanda vyombo, au wanaume wanaochokoa pweza kwa miguu, na majina yao bado yakawa yale yale ya wenzao wa jinsia yao, basi hoja ya juu na chini ingevunjika na ingebaki jinsia peke yake. Na kwamba nilikutana na wanaume wanne wa aina hiyo, nao walitumia majina ya wanawake. "Wako ukurasa gani?" Walikuwa kwenye tanbihi. Marekebisho namba moja: watolewe kwenye tanbihi wapewe sehemu yao.

Nilipewa marekebisho thelathini na saba. Yafanyie jedwali la safu tatu: walichosema, ulichofanya, ukurasa. Usiache hata moja tupu. Usilolikubali andika kwa nini. Langu lilipita mara moja.

Nakala moja yenye jalada niliipeleka Kojani, lakini kurasa mia tatu hakuna aliyezitaka. Wanawake waliomba orodha ya majina tu. Nikawachapishia kurasa kumi na mbili, herufi kubwa, nyengine nikaacha skuli. Siku ya mbaamwezi, baada ya laasiri, mjukuu akamsomea mzee wangu orodha nzima, jina baada ya jina, na yeye anaitikia kwa kichwa huku anashona wavu. Kwenye ukurasa wa saba akanyanyua mkono. Kipwa kimoja nimekiweka kusini ya mlango, na kiko kaskazini. Nimefungua lile jedwali la safu tatu nikakiandika, namba thelathini na nane.